Kijana Wako Anapotaka Kuacha Dawa

Akina mama wanaolea mtoto asiyetulia wanaijua vizuri kazi ya asubuhi. Kabla uji haujapoa, mama ameshatoa kidonge, ameshahakikisha kimemezwa, na ameshatazama kwenye begi kama madaftari yote yamo. Kazi hiyo huendelea mwaka baada ya mwaka. Halafu inafika siku mtoto amekuwa mrefu kuliko mama yake, sauti imekuwa nzito, na anasema: "Mama, mimi sasa ni mtu mzima. Hizi dawa sizitaki tena."

Je, utamjibu nini? Wapo akina mama wanaofoka. Wapo wanaolia. Na wapo ambao kwa kweli hushusha pumzi, maana nao wamechoka na gharama na safari za kliniki. Kabla ya kuchukua mojawapo ya njia hizo, ni vema tuelewe ni kitu gani hasa kinachoachwa, na kwa nini umri huu wa kutoka utoto kwenda utu uzima una uzito wa pekee.

Hali yenyewe ni ipi?

Madaktari huiita kwa herufi nne, ADHD. Mtaani tunasema mtoto ana mapepe. Mtoto mwenye hali hii hushindwa kutuliza mawazo juu ya jambo moja, husahau alichotumwa, huwakatiza wenzake maneno, na hutenda kabla ya kufikiri. Watoto wote hufanya hivyo mara moja moja. Kwa huyu mambo hayo hutokea kila siku, nyumbani na shuleni, na yanamrudisha nyuma. Hayakuletwa na malezi mabaya wala laana. Ni jinsi ubongo wake unavyofanya kazi, na kwa sehemu kubwa hurithiwa katika ukoo, kama vile urefu unavyorithiwa. Wala hali hii haikuzuka jana. Mwaka 1902, daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wenye akili timamu ambao hawakuweza kujizuia.

Dawa inayojulikana zaidi ni methilfenidati, ambayo huuzwa kwa majina kama Ritalin na Concerta. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Uswisi mwaka 1944. Dawa hii haing'oi tatizo. Humsaidia mtoto kutuliza mawazo kwa saa chache: kidonge cha kawaida kama saa 4 hivi, na kile kinachoyeyuka polepole mpaka kama saa 12. Ni kama taa ya chemli, ambayo hutoa mwanga maadamu mafuta yamo.

Kwa nini vijana huacha?

Tusidhani kwamba kijana anayeacha dawa ni mkaidi tu. Mara nyingi ana sababu, na sababu zenyewe zinafaa kusikilizwa.

Ya kwanza ni aibu. Katika bweni hakuna siri. Mwanafunzi anayeitwa kila asubuhi kwenda kwa matroni kumeza kidonge hupewa jina kabla ya muhula kwisha, na jina hilo halipendezi. Wengi huanza kuficha kidonge chini ya ulimi na kukitema nje.

Ya pili ni madhara ya dawa. Methilfenidati hupunguza hamu ya kula, huweza kuchelewesha usingizi, na huongeza kidogo mapigo ya moyo. Vijana wengine husema wakinywa dawa wanakuwa kama watu wengine: mzaha umewatoka na furaha imepoa. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba kipimo au aina ya dawa haimfai, na daktari anaweza kubadilisha. Lakini atabadilishaje kama hakuambiwa?

Ya tatu ni ile ambayo sisi akina mama hatuioni kwa urahisi. Kijana huyu amekua akiulizwa swali moja kila anapokosea: "Leo umekunywa dawa?" Hata anapokuwa na haki ya kukasirika, hasira yake huhesabiwa kuwa ni kidonge kilichosahaulika. Akifaulu mtihani, sifa ni za dawa. Mtu wa miaka 17 anataka kujua yeye mwenyewe ni nani, na anahisi hawezi kujua mpaka aziweke dawa kando.

Ya nne ni kwamba njia yenyewe hukatika. Kliniki ya watoto humwachia kijana anapofikisha miaka kama 18, na ile ya watu wazima haimjui. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwaangalia vijana waliotoka huduma za afya ya akili za watoto na kuingia za watu wazima. Wasiofika 5 katika kila 100 ndio waliovushwa vizuri kama inavyopasa. Ikiwa mambo ni hivyo huko, kwetu ambako wataalamu ni wachache na wengi wako miji mikubwa, mama asishangae faili la mwanawe likibaki kabatini. Tena methilfenidati ni dawa inayolindwa kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, kwa hiyo haiuzwi ovyo dukani. Kijana anayehamia mji mwingine bila barua ya daktari anaweza kuacha dawa bila kuamua kuacha.

Je, hali hii haiishi na umri?

Hapa ndipo wazazi wengi hudanganyika. Mtoto aliyekuwa akipanda juu ya meza akiwa na miaka 7 hatazipanda akiwa na 17. Kutotulia kwa mwili hupungua. Mama anamwona kijana wake ameketi kimya na anasema, "Ashukuriwe Mungu, amepona." Lakini kukosa umakini, kusahau, kushindwa kupanga siku, na kuamua mambo kwa pupa huweza kubaki ndani kwa ndani.

Huko Marekani na Kanada watoto 558 wenye ADHD walifuatiliwa tangu wakiwa wadogo kwa miaka ipatayo 16, na matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Waliopona na kubaki wamepona walikuwa kama 9 tu katika kila 100. Kama 64 katika kila 100 walikuwa na vipindi: mwaka huu nafuu, mwaka ule shida inarudi, kisha nafuu tena. Mama anayejua hilo hatashangilia mapema, wala hatakata tamaa mapema.

Na dawa zinapoachwa kiholela, hasara si ya masomo peke yake. Nchini Uswidi watafiti waliwachunguza watu zaidi ya 25,000 wenye ADHD na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Walilinganisha vipindi ambavyo mtu alikuwa akitumia dawa na vipindi ambavyo mtu huyo huyo hakutumia. Katika vipindi vya dawa, makosa ya jinai yalikuwa pungufu kwa asilimia 32 kwa wanaume na asilimia 41 kwa wanawake. Uchunguzi mwingine wa huko huko, wa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kwa wanaume hatari ya ajali mbaya za barabarani ilikuwa pungufu kwa asilimia 58 katika vipindi vya dawa, ingawa kwa wanawake tofauti hiyo haikuonekana wazi. Hii haina maana kwamba kila kijana asiyemeza kidonge atakuwa mhalifu. Maana yake ni kwamba mama mwenye kijana anayeanza kuendesha pikipiki ana sababu nzuri ya kuuliza maswali.

Kuacha kwa mpango

Basi, je, kijana asiache kamwe? La hasha. Mwaka 2019 madaktari wa Uholanzi walichapisha jaribio lenye kufundisha. Waliwachukua watoto na vijana 94, wenye umri wa miaka 8 mpaka 18, waliotumia methilfenidati kwa zaidi ya miaka 2. Kwa kura, wengine waliendelea na dawa, na wengine walipunguziwa polepole mpaka wakawa wanameza vidonge visivyo na dawa ndani yake. Hakuna aliyeambiwa yuko kundi gani. Baada ya wiki 7, kama 40 katika kila 100 ya wale walioachishwa walikuwa wamezidiwa, wakati kwa wale walioendelea walikuwa kama 16 katika kila 100.

Tazama pande zote mbili za hesabu hiyo. Dawa ilikuwa bado inawasaidia wengi hata baada ya miaka. Lakini wengi wa walioachishwa hawakuzidiwa. Haiwezekani kumtazama kijana usoni na kujua yuko upande upi. Ni lazima ijaribiwe, na jaribio lazima liwe na mwanzo, mwisho, na watu wanaotazama. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2018 unataka matibabu yaangaliwe upya angalau mara moja kila mwaka, na swali la kuendelea au kuacha liulizwe waziwazi. Mama wa Tabora au wa Nakuru anaweza kuliuliza swali hilo hilo kwa daktari wake.

Zingatieni mambo haya:

Chagueni wakati unaofaa. Usiwe muhula wa mtihani wala mwezi wa kwanza wa chuo. Lakini pia usiwe ile miezi ya kungoja matokeo ya kidato cha nne. Vijana wengi huacha wakati huo na wakaonekana wazima kabisa. Bila shaka! Hakuna anayewadai kazi ya kuandika wala kuamka mapema. Kisha chuo kinafunguliwa, na ndipo nyumba inapoanza kuvuja. Wakati mzuri ni ule wa shughuli za kawaida, wakati kijana ana kazi ya kutosha kumpima.

Andikeni kabla. Kijana na mzazi wakubaliane ni mambo gani watakayoyatazama: kazi alizomaliza, saa za kulala, fedha zilizopotea, ugomvi na ndugu zake. Yaandikwe katika daftari kwa wiki 2 kabla ya kuanza, na kila wiki wakati wa jaribio. Kumbukumbu ya kichwani huegemea upande wa anayekumbuka.

Awepo mtu wa tatu. Mwalimu, kaka mkubwa, au shangazi anayeaminiwa na kijana. Mama peke yake ataonekana anatafuta makosa.

Wekeni tarehe ya kuamua. Siku hiyo fungueni daftari pamoja, mbele ya daktari ikiwezekana, na kijana awe wa kwanza kusema.

Kila dawa ina mlango wake wa kutokea

Kuna jambo moja ambalo mama asilikosee. Dawa za hali hii si moja. Klonidini na guanfasini ni dawa ambazo pia hushusha shinikizo la damu, na zikikatwa ghafla shinikizo laweza kupanda kwa hatari. Hizo hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Imipramini, ambayo pengine hutumiwa pale dawa nyingine zinapokosekana, nayo hupunguzwa polepole ili mtu asipate kichefuchefu, maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Atomoksetini huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, kwa hiyo aliyeiacha kisha akairudia asitegemee nafuu siku ile ile. Methilfenidati huisha mwilini upesi, lakini nayo iachwe daktari akijua, maana kuna vijana ambao huzama katika huzuni siku za mwanzo. Kijana akisema maisha hayana maana, usingoje tarehe ya daftari. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mwambie pia ukweli juu ya vitu vinavyoingia mlango ambao dawa imetokea. Miraa huchangamsha mwili na kukimbiza moyo, na kuitafuna pamoja na methilfenidati ni kuuongezea moyo mzigo. Pombe humwondolea kijana mwenye pupa hata kile kidogo alichokuwa nacho cha kujizuia.

Kumkabidhi taratibu

Siri ya umri huu ni kukabidhi mapema. Kijana ambaye hajawahi kuijua dawa yake ataitupa siku ya kwanza atakapokuwa huru, kwa sababu haijawahi kuwa yake. Ilikuwa ya mama.

Akiwa na miaka 14, ajue jina la dawa, kipimo chake, na kwa nini anaitumia. Akiwa na 15, ajieleze mwenyewe kwa daktari, na kwa sehemu ya mazungumzo wewe ukae nje kwenye benchi. Akiwa na 16, umwachie vidonge vya siku chache na umwone anavyovitunza. Akiwa na 17, aende mwenyewe kuchukua dawa. Akifika 18, awe na bahasha yake: barua ya daktari inayoeleza hali yake, dawa alizotumia, vipimo, na zile zilizomdhuru. Bahasha hiyo aende nayo chuoni. Mfundishe pia kwamba vidonge hivi havigawiwi wala haviuzwi kwa wenzake wanaotaka kukesha na vitabu. Ni hatari kwa afya zao, na mbele ya sheria ni kosa.

Kwa binti kuna la kuongeza. Wasichana wengi wenye hali hii hawakuwa watundu. Walikuwa wale wanaokaa nyuma ya darasa wakiota mchana. Akifikia umri wa kuolewa, ajue kwamba dawa lazima zizungumzwe na daktari kabla ya kushika mimba, si baada. Na mchumba? Akiwa tayari, amwambie yeye mwenyewe kwa maneno yake. Habari hiyo isipelekwe na shangazi.

Baba, ndugu na kanisa

Mkono mmoja haulei mwana. Lakini mara nyingine mikono mingi huvutana. Baba anasema, "Mwanangu si mgonjwa, mwacheni." Bibi anasema alilea kumi bila vidonge. Katika baadhi ya maombi kijana huambiwa azitupe dawa kama ishara ya imani.

Hatuna haja ya kugombana na maombi. Luka, ambaye jina lake liko juu ya Injili, alikuwa tabibu. Mama anayepiga magoti usiku na kumpeleka mwanawe kliniki asubuhi hajagawanyika moyo. Na kama nyumbani mnaamini kwamba kijana amepona, hiyo ni sababu nzuri ya kwenda kwa daktari na kufanya jaribio lile kwa utaratibu. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa.

Na kama ameshaacha kwa siri?

Umevikuta vidonge ndani ya soksi. Usipige kelele. Usimtilie dawa katika chai bila yeye kujua, maana akigundua hatakuamini tena hata kwa chakula. Muulize mambo matatu, kisha unyamaze umsikilize: Uliacha lini? Ulikuwa unajisikiaje ulipokuwa ukitumia? Sasa unajisikiaje? Huenda majibu yakakuonyesha kwamba tatizo ni kipimo, au matroni, au neno alilolisikia bwenini.

Akiwa ametimiza miaka 18, kukataa ni haki yake, na huwezi kumfungua mdomo. Lakini ufunguo wa gari la baba ni wenu. Mnaweza kusema kwa upole: barabara ina watu wengine, kwa hiyo hutaendesha mpaka tuone wiki kadhaa zimekwenda vizuri. Hiyo haihesabiwi kuwa adhabu. Ndivyo watu wazima wanavyokubaliana.

Akiacha na mambo yakaenda vizuri, furahini naye, na bahasha aitunze. Akiacha na mambo yakaharibika, asisikie kwako "nilikuambia." Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Wengi huacha, hurudi, na huacha tena baadaye wakiwa na kazi inayowafaa na mke au mume anayewasaidia kukumbuka. Kijana atakayerudi kwenye dawa akiwa na miaka 22 kwa uamuzi wake mwenyewe atakuwa na jambo ambalo hakuwa nalo akiwa na 12.

Kwa hiyo, mama, ikiwa wako sasa ana miaka 13 au 14, usingoje siku atakayosema "sizitaki." Likizo hii mkalishe chini, mpe kile kiboksi cha dawa mkononi, na umwombe akusomee jina lililoandikwa juu yake. Hapo ndipo pa kuanzia.